Chini ya Jukwaa la Zamani

Kila Jumamosi asubuhi Njiti aliamka kabla ya baba yake. Alibandika maji ya chai jikoni, akafagia sebule, kisha akafunga madirisha ya upande wa barabarani ili vumbi lisiingie. Jina la Njiti alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu alikuwa msichana mrefu na mwembamba. Zamani jina hilo lilimchekesha. Sasa halikumchekesha wala kumuudhi.

Tangu mama yake alipofariki, mwanzoni mwa mvua, karibu kila kitu kilikuwa hivyo. Watu walimwambia alie, atapata nafuu. Hakuweza. Kifua chake kilikuwa kimekufa ganzi, kama mkono ulioulalia usiku: unauona ni wako, lakini ukiufinya husikii kitu.

"Leo klabu yenu inakwenda wapi?" baba yake aliuliza. Alikuwa fundi wa friji, na mezani, kando ya kikombe chake, palikuwa na bisibisi na vipande vya waya.

"Jumba la sinema la zamani."

"Lile lenye uso kama keki ya harusi? Nimezaliwa mji huu na sijawahi kuingia. Ukirudi utanisimulia."

"Sawa, baba."

Alisema hivyo kwa adabu tu. Siku hizi baba na binti walikula wakitazama sahani zao, na masimulizi yalikuwa machache.

Sauti ikapanda ngazi kabla ya mwenyewe. "Njiti! Teremka! Mwalimu atatuacha! Halafu usisahau tochi, mimi yangu kaka ameiharibu, na nimekwambia nilivyoota?"

Huyo alikuwa rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Darasa zima lilimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Tangu msiba, wengi waliogopa kumsogelea Njiti, wasijue waseme nini. Redio hakuogopa. Aliendelea kumwaga maneno kwa niaba ya wote wawili, na Njiti alitembea kando yake kama mtu aliye chini ya mwavuli wa mwenzake.

Klabu ya Majengo ilianzishwa na mwalimu wa historia, akisaidiwa na mwanamke mmoja msanifu wa majengo aliyesoma naye zamani. Wanaklabu walikuwa wamekwisha kupanda ngazi ya chuma inayojizungusha ndani ya posta ya zamani. Walikuwa wameshuka chini ya soko, wakakuta kwamba chini ya miguu ya wauza nyanya kuna tangi kubwa la matofali, kavu na lenye giza, ambalo hapo kale lilihifadhi maji ya mji mzima. Wanafunzi walizoea kupita mjini wakitazama viatu vyao. Sasa walipita wakitazama juu, hadi wengine wakagongana na nguzo za umeme.

Kwenye jumba la sinema walipokewa na mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, zilizolia kila alipopiga hatua. Ndiye aliyelitunza jumba hilo, na mtaa wote ulimwita Mama Funguo.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Sinema ya leo imechelewa kuanza kidogo tu. Watazamaji wa mwisho walitoka ninyi hamjazaliwa!"

Walicheka, wakaingia. Ndani palinuka vumbi na mbao kuukuu. Viti vilikuwa vimeng'olewa, lakini sakafu bado iliteremka taratibu kuelekea jukwaani, ili aliyeketi nyuma asizibwe na kichwa cha aliyeketi mbele. Juu kulikuwa na roshani yenye nakshi za maua ya plasta, mengine yamepukutika.

"Jengo husomwa," msanifu aliwaambia. "Hebu someni ukuta huu. Nani ameona kitu?"

Walikodoa macho. Mvulana mmoja akasema plasta ya pale ilikuwa ya rangi tofauti. Msanifu akagonga kwa kifundo cha kidole: huku kwaa, huku puu.

"Hapa palikuwa na mlango. Ulitokea kwenye kichochoro cha nyuma, penye majitaka. Wenye tiketi za bei nafuu waliingilia huko. Mlango mkubwa ulikuwa wa wenye nguo nzuri."

"Kwa nini ukazibwa?" Redio aliuliza.

"Watu walichoka. Siku moja wote walijipanga mbele, wenye viatu na wasio na viatu, wakakataa kuzunguka nyuma. Mwenye jumba wa enzi hizo akaona heri auzibe."

Wanafunzi wakapiga makofi, utadhani jambo hilo limetokea asubuhi hiyo. Njiti alitazama umbo la mlango ule ukutani. Alijua kwamba ni jambo zuri. Alilijua kama mtu anavyojua jibu la hesabu.

Baadaye mwalimu na msanifu waliwapeleka wengine kwenye roshani. Njiti na Redio walibaki chini kumalizia kupima jukwaa kwa utepe. Nyuma ya pazia lililochakaa waliona mlango mdogo uliozuiwa kwa ubao, na juu yake kitambaa chekundu. Mama Funguo akawajia.

"Wanangu, huku chini ni vyumba walimovalia waigizaji, enzi za michezo ya jukwaani. Ngazi yake imeliwa na mchwa, imebaki sura tu. Mtu asiuguse ubao huu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama," Redio alijibu haraka.

Mama Funguo akaenda kufungua madirisha ya mbele. Funguo zake zilipoacha kusikika, Redio alimgeukia rafiki yake, macho yanang'aa.

"Huenda vioo vyao bado vipo! Tutazame mara moja tu. Nishikie tochi."

Njiti aliutazama ubao, akamtazama Redio. Alijua kwamba angepaswa kusema hapana. Neno lilikuwepo kinywani, jepesi, lakini hakuona sababu ya kulitoa. Washuke, wasishuke, kwake ilikuwa mamoja. Akawasha tochi.

Redio aliubandua ubao, akauegemeza nyuma ya pazia upande wa kushoto, akaanza kushuka. "Njiti, naviona! Vioo, kweli, na kuna—"

Ngazi ilikatika kwa sauti ndogo, kama biskuti. Kisha kishindo. Kisha ukelele.

Njiti alisimama na tochi yake. Alisubiri woga umjie, haukuja. Miguu yake ndiyo iliyofanya uamuzi: ilimkimbiza hadi mlangoni, na mdomo ukamwita Mama Funguo.

Mama Funguo alikuja mbio akiburuta ngazi ya kubebeka. Aliteremka mwenyewe, huku msanifu, aliyekuwa ameshuka mbio kutoka roshani, akimwelekeza apite palipo na ukuta imara. Redio alipandishwa akiwa amekunja uso kwa maumivu, mguu wake umevunjika chini ya goti. Mwalimu alimpakia kwenye gari lake, wakaenda hospitali.

Jioni ile mwalimu alimuuliza Njiti, "Ulikuwa naye. Ilikuwaje?"

Njiti alinyanyua mabega tu. Mwalimu alidhani ni mshtuko, akamwacha.

Kesho yake baba alimpeleka kumwona mgonjwa, naye akabaki nje kuzungumza na jamaa wa Redio. Redio alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta hadi pajani.

"Nimemwambia mama hapakuwa na ubao," alinong'ona. "Nimesema hatukuonywa. Angejua, angenimaliza! Wewe siku hizi husemi kitu, Njiti. Endelea vivyo hivyo tu."

"Na Mama Funguo?"

"Watamgombeza kidogo, basi."

Lakini haikuwa kugombezwa kidogo. Jumatatu mwalimu aliingia darasani uso umemshuka. Alisema klabu imesimamishwa. Mwenye jumba alikuwa anataka kumfukuza kazi mtunzaji wake kwa uzembe, na kesho mchana wangekutana ofisini kwa mwalimu mkuu kumaliza jambo hilo.

"Mama yule anasema aliweka ubao, lakini hakuna aliyeuona," mwalimu alisema, na macho yake yakamgusa Njiti kidogo kabla ya kuhamia dirishani.

Usiku ule wakati wa chakula Njiti alimtazama baba yake, aliyekuwa anasugua mikono kwa sabuni ili mafuta yatoke kwenye kucha.

"Baba, wewe ukienda kazini, unataka kwenda?"

Baba alisuuza mikono. "Kusema kweli? Tangu mama yako atutoke, hapana. Sitaki kwenda, sitaki kukaa. Nafunga kamba za viatu tu, nakwenda."

"Kwa nini, kama hutaki?"

"Jana niliitwa zahanati. Friji ya dawa imezimika. Dawa zile ni za watoto wa watu, zingeharibika. Hata kama moyo wangu umelala, dawa hazijui. Mikono yangu ilikuwa mizima, nikatengeneza."

Njiti akasogeza sahani kando. Akamweleza yote: ubao, kitambaa, tochi, mabega aliyonyanyua. Aliyasema bila machozi, kama mtu anayesoma kwa sauti kitabu cha mwenzake. Baba hakumkatiza.

"Nikisema, Redio hatanipenda tena," alimaliza. "Na ndiye peke yake aliyebaki."

"Huenda akakasirika sana. Siwezi kukudanganya. Kesho unataka niende nawe?"

"Ndiyo."

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa ndogo kwa watu wale wote. Mwenye jumba aliketi karibu na kabati. Mama yake Redio aliketi ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, macho mekundu kwa kukesha hospitali. Mama Funguo alisimama. Kiunoni hakuwa na kitu. Funguo zilikuwa mezani mbele ya mwenye jumba.

Njiti aliwaamkia wakubwa, akabaki amesimama karibu na mlango, baba yake kando yake.

"Ubao ulikuwepo," alisema. "Na kitambaa chekundu. Mama Funguo alituonya sisi wawili, tukasema tumeelewa. Redio aliutoa. Mimi nilimshikia tochi."

Mama yake Redio akageuka.

"Kwa nini tukuamini leo? Jumamosi mwalimu wako alikuuliza, hukusema kitu!"

"Ni kweli, mama. Nilinyanyua mabega. Hilo pia ni kosa langu. Ubao uko nyuma ya pazia, upande wa kushoto, umeegemezwa ukutani. Mnaweza kwenda kuuona."

"Ulipo ubao si ushahidi," mwenye jumba alisema. "Yeyote angeweza kuuweka hapo."

Mama yake Redio alimtazama Njiti kwa muda mrefu. Alimjua mtoto huyu tangu akiwa na mapengo. Mwisho akatoa simu mkobani, akampigia kaka yake Redio aliyekuwa hospitali, akaiweka mezani wote wasikie.

"Mpe dada yako. Mwanangu? Ni mama. Nijibu ukweli, sitakupiga. Palikuwa na ubao?"

Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, Redio hakuwa na neno. Walisikia magurudumu ya kitoroli yakipita wodini. Halafu kilio.

"Ulikuwepo, mama. Niliogopa."

Mama yake akafumba macho. Kisha akainuka, akamshika Mama Funguo mkono kwa mikono yake miwili. "Dada yangu, nisamehe. Nimekutukana mbele za watu, na wewe ndiye uliyeshuka shimoni kumtoa mwanangu."

"Mtoto ni mtoto," Mama Funguo alisema. "Mguu utaunga."

Mwenye jumba alikohoa, akasukuma funguo upande wa pili wa meza. Alikubali kwamba aliambiwa mapema kuhusu ngazi ile na hakuitengeneza. Angeiondoa wiki ile ile na kuweka mlango wa chuma. Mwalimu mkuu akaruhusu klabu irudi, kwa sharti kwamba hakuna mwanafunzi atakayeachwa bila mtu mzima. Njiti na Redio, akipona, wangesafisha chumba na vifaa vya klabu kwa muda wa muhula mzima.

Kutoka shuleni baba na binti walipitia hospitali. Redio alikuwa amegeukia ukutani.

"Nimekukasirikia," alisema bila kugeuka.

"Najua."

"Nimekukasirikia vibaya sana. Hata sitaki kukuona." Alivuta kamasi. "Lakini keti. Huyu wa kitanda cha pili analala mchana kutwa, sina wa kuongea naye."

Njiti akaketi. Redio alikaa kimya hadi muda wa wageni ulipokwisha, jambo ambalo lazima lilimgharimu sana, lakini hakumwambia aondoke.

Walirudi nyumbani kwa miguu, wakipita chini ya majengo ya kale ya katikati ya mji. Njiti alimwonyesha baba yake dirisha lililozibwa juu ya duka la viatu, na mwaka uliochongwa juu ya mlango wa benki.

"Baba, nilidhani nikishasema ukweli nitajisikia vizuri. Watu husema hivyo. Mimi sikusikia kitu. Bado kifua ni kile kile."

Baba alipunguza mwendo. "Hukusema ili ujisikie vizuri, mwanangu. Ulisema kwa sababu mtu alikuwa anafukuzwa kazi kwa kosa lisilo lake, na ni wewe uliyejua. Kumbuka jambo hili. Ukiona hatari, sema. Ukijua ukweli, useme, hata kama ndani hakuna kinachokusukuma. Siku ile ungemwambia rafiki yako hapana, asingevunjika mguu, na hilo halikuhitaji moyo uliochangamka. Lilihitaji neno moja."

"Na moyo wenyewe?"

"Utarudi. Hata mimi nausubiri wangu. Tunapousubiri, tusimdhulumu mtu."

Wakafika kwenye barabara kuu, magari yakipita kwa kasi. Baba akamshika mkono wavuke, ingawa Njiti alikuwa mkubwa wa kutosha kuvuka peke yake. Walipofika ng'ambo hakuutoa, na baba hakuuachia.