Kitufe cha Kufuta

Desemba 2003, stendi kuu ya Arusha ilifurika Wachaga waliokuwa wakirudi nyumbani kula Krismasi. Anneth, mkata tiketi mwenye sare ya bluu na nywele zilizosukwa mtindo wa twende kilioni, alihangaika na kompyuta mpya ya kampuni. Nyuma yake alisimama kijana mrefu, shati la drafti, daftari mkononi.

"Na wewe unataka nini humu?"

"Naitwa Abdiel. Nimeletwa kuangalia kama programu hii inatumika kwa urahisi. Endelea, dada, kama vile sipo."

"Mrefu hivyo kama mlingoti, nitajifanyaje hupo?"

Abdiel akacheka hadi foleni ikageuka. Kwa siku tatu alimletea chai na maandazi, akiandika daftarini kila Anneth alipokwama. Siku ya nne Anneth alimpa namba ya simu, na jioni ile akapiga.

"Umefika salama nyumbani Kimandolu, Anneth wangu?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu uliponiita mlingoti."

Wiki iliyofuata meneja, Mzee Lerionka, alimwita Anneth. "Ripoti ya Abdiel inasema umekosea mara kumi na tisa. Kaa nyumbani kwanza, mwanangu."

Abdiel alipopiga simu, Anneth alikuwa amevimba macho. "Kumbe chai yako ilikuwa ya kunichimba! Usinipigie tena." Akakata.

Siku ya pili akapigiwa na Susana, mwenzake wa dirisha la tiketi. "Shoga, umekosa sinema! Abdiel kamkalisha meneja mwenyewe kwenye kompyuta. Mzee kataka kuhifadhi kiti, kafuta abiria wa basi zima!"

"Acha!"

"Abdiel kamwambia vitufe vimebanana, tena vyote Kiingereza, hata malaika angekosea. Ukurasa wa pili wa ripoti umeeleza hayo yote. Mzee alisoma wa kwanza tu! Kesho urudi kazini."

Asubuhi Abdiel alikuwa mlangoni mwa ofisi ya tiketi, shati halijapigwa pasi.

"Nisamehe, Anneth. Nilitanguliza makosa yako, kosa la programu nikaliweka nyuma."

"Mimi nami nilikuhukumu bila kukusikiliza." Akavuta kiti. "Haya, kaa. Nitakuonyesha kila kitufe kinapotakiwa kukaa."

Wiki nzima walipanga vitufe upya na kuvipa majina ya Kiswahili, wakibishana na kucheka. Siku Susana alipomkatia abiria tiketi kwa programu iliyorekebishwa bila kuuliza mtu, Abdiel alimwinamia Anneth sikioni.

"Nataka kuja kwenu kujitambulisha."

Anneth alitazama foleni ili kuficha tabasamu. "Jumapili, baada ya ibada. Uje na wazee wanaojua kuongea. Wewe utaanza na ukurasa usiotakiwa."