Mstari Juu ya Dohani

IJUMAA, SAA TATU ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha mgahawa, mtaa wa Sanyuanli, kusini mwa China. Haroun alitia komeo mlangoni. Alikuwa Mzanzibari, dalali wa makontena aliyegeuka mwizi, na hakupenda maswali.

"Mchana Wachina wanalala," alisema. "Mlinzi, makarani, mzee Lau mwenyewe. Tunaingia hapo."

Walikuwa watatu tu. Bibiana, mchuuzi wa vitambaa kutoka Mwanza, angeingia na jora la kitambaa la soko la Zhongda kama mteja anayesafirisha mzigo. Ameir, baharia wa zamani mwenye mkono mwepesi, angeitoa picha kwenye fremu na kuiviringisha ndani ya jora. Haroun angengoja chini na pikipiki.

Picha ilikuwa mchoro wa dhihaka, kazi ya Mwingereza wa zama za Malkia Viktoria. Lau, wakala wa meli, aliitundika mapokezi, kila nahodha aione.

Bibiana akataka kujua nani anaitaka.

"Laoban mmoja, tajiri wa Hong Kong. Jina halikuhusu."

Kisha Haroun akawadai pasipoti, eti akikamatwa mtu asijulikane haraka. Ameir alitoa yake taratibu. Tangu hapo hakuna aliyempa mwenzake kisogo.

SAA SITA NA NUSU

Soko la Shisanhang lilikuwa limetulia. Wapagazi walilala juu ya marobota. Kwenye ngazi za ofisi ya Lau, Bibiana alimshika Ameir mkono.

"Jana nilimfuata Haroun. Alishuka kwenye gari la Kwok, yule mwenye meli wa Hong Kong."

Ameir alisimama. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani ninyi Wazanzibari mko pamoja. Leo nimekuona ulivyotoa pasipoti. Hamko pamoja."

Akamweleza alichokisikia kwa dereva wa gari lile. Manahodha walikuwa wakiingia kwa Lau, wanautazama mchoro, wanauliza kama yule bwana mnene ni Kwok. Lau hujibu kwamba kama wanafanana, kosa si la mchoraji. Kwok alitaka kuununua. Lau akamwambia meiyou, hakuna, hauuzwi. Sasa Kwok anautaka auchome.

Meli ya Kwok ndiyo iliyomzamisha Ameir. Walipakia vyuma bandarini Huangpu hadi mstari wa ubavuni, ule unaoonyesha mwisho wa shehena, ukamezwa na maji. Ofisa mmoja alilalamika, akaambiwa anayeogopa ashuke. Ilizama kusini ya Hainan. Wavuvi walimwokota Ameir. Dullah, mtoto wa mama yake mdogo, hakuonekana tena.

Alipanda ngazi.

SAA SABA KASOROBO

Mlinzi alikuwa amelaza shavu mezani. Ndani, mtu alikoroma.

Ameir aliishusha fremu, akachomoa misumari kwa kisu, picha ikatoka. Ndipo akaitazama. Mwenye meli, tumbo mbele, glasi mkononi. Meli imedidimia, panya wanashuka kwa kamba. Fundi rangi yuko juu ya ngazi, mstari wa shehena anauchora kwenye dohani, juu kabisa ya meli, ili usizame kamwe. Mabaharia wanapanda ubao kwa foleni, vifurushi begani. Anayesita anasukumwa na askari.

"Viringisha," Bibiana alinong'ona.

"Hapana."

"Pasipoti zetu anazo."

"Najua."

Bibiana alimtazama kidogo. Akaweka jora sakafuni, akashuka.

Hakuwa amefika mbali Haroun alipompita kwenye ngazi, kisu kiganjani. Alikuwa amechoka kungoja, au hakuwahi kumwamini mtu.

"Ilete, Ameir."

"Ulijua ni kazi ya Kwok?"

"Nilijua."

"Na Dullah?"

"Wafu hawali. Sisi tunakula."

Ameir alimrukia. Kisu kilimchana Ameir mkono toka kiwiko hadi kifundo. Kiti kilianguka, mlinzi akazinduka. Lau akatokea na soksi tu miguuni, nywele zimesimama. Haroun alinyakua picha, akateremka mbio.

Chini alikuta geti la chuma limefungwa kwa kufuli lililokuwa likining'inia hapo. Bibiana alikuwa upande wa barabarani.

"Bibiana, dada yangu. Fungua."

"Pasipoti. Zote mbili."

Alizipitisha kwenye nondo. Bibiana akazitia kwenye mkoba.

"Sasa fungua."

Bibiana alijitanda mtandio kichwani, akapita kati ya wapagazi waliokuwa wanaanza kuamka, akapotelea kwenye umati. Nyuma yake Haroun aliita mara moja tu. Mlinzi alikuwa amemfikia.

SAA SABA NA ROBO

Picha ilirudishwa juu ikiwa imekunjika pembe moja. Ameir alikuwa ameketi chini, damu inachuruzika. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi muda wote ule. Lau alichana kipande cha kitambaa kutoka kwenye jora, akamfunga mkono, halafu akamuuliza kwa Kiingereza cha bandarini kwa nini hakukimbia.

Ameir hakuwa na maneno ya kutosha katika lugha hiyo. Alinyoosha kidole chenye damu, asiiguse karatasi, akaonyesha baharia wa tatu kwenye ubao, aliyekuwa amegeuza uso kutazama nchi kavu.

"Dullah," alisema.

Mzee Lau aliinama akamtazama yule baharia kwa makini, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu aliyejulishwa kwa mgeni. Viatu vya polisi vilikuwa vinapanda ngazi.