Tawi Juu ya Mlango

Ijumaa ile Jovia hakuwa na kazi. Alifua, akachemsha chai, akaanza kufagia chumba alichopanga na Samanthi huko Discovery Gardens, Dubai. Samanthi, Msinhala wa Sri Lanka mwenye umri wa mama yake Jovia, alikuwa ameshuka kununua mchele.

Nje, juu ya mlango, palining'inia tawi lililokauka. Samanthi ndiye aliyelitundika siku waliyohamia.

"La Aiyanayake," alisema siku hiyo. "Mungu mlinzi wa msitu wa kwetu. Ukitaka kuingia, unatundika tawi, unaomba upite salama. Baba alisahau mara moja tu. Tembo akamuua."

Jovia, Mganda asiyekosa kanisani, alicheka. "Msitu gani Dubai, akka? Tembo atapanda lifti?"

Akka ni dada mkubwa kwa Kisinhala. Samanthi hakucheka. "Msitu ni popote usipojulikana, mdogo wangu."

Sasa majani yalikuwa yakipukutika kizingitini. Jovia akaling'oa tawi, akalitupa kwenye shimo la taka mwisho wa korido. Atamtafutia jingine bichi, alijiambia, akarudi ndani.

Hakumaliza kufagia. Chumba kilinuka tope. Tope la bwawa, na majani yaliyotafunwa. Dirishani jua la mchana liliwaka.

Koridoni kitu kilipumua.

Pumzi ndefu. Nzito. Mlango ukabonyea kwa ndani.

Simu ikaita. "Lifti imeharibika," Samanthi alihema. "Niko kwenye ngazi. Nifungulie, mikono imejaa."

"Akka, usipande!" Jovia alinong'ona.

"Sikusikii. Nakuja."

Kile kitu kilimsikia Samanthi. Mlango ukaachiwa. Ukuta ukakwaruzwa, taratibu, kuelekea ngazini.

Jovia hakuwa na tawi. Alikuwa na kuti la mtende tu, la Jumapili ya Matawi, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Akalichomoa. Akabeba kiti. Akafungua mlango.

Hakutazama ngazini. Alipanda kitini, akalifunga kuti kwenye msumari wa lile tawi.

"Mimi si wa kwenu," alinong'ona. "Kosa ni langu. Huyu ni dada yangu. Apite."

Mkwaruzo ukakoma.

Samanthi akatokea na mfuko wa mchele. "Wewe! Kiti cha nini? Balbu imeungua?"

"Umekutana na nani kwenye ngazi?"

"Hakuna mtu. Sogea, nimechoka."

Akampita, akaingia ndani. Mgongoni mwa gauni lake, katikati ya mabega, palikuwa na alama ya tope bichi. Ya mviringo kama ncha ya mkonga, yenye matundu mawili ya pua. Kitu kilikuwa kimemnusa, kikamwacha.