Uso Niliouwekea Mkonga wa Ndovu

Nina miaka kumi na saba na niko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa hapa Voi. Jina langu ni Mshai, lakini shuleni naitwa Kibonzo, maana hakuna mwalimu ambaye sijamchora. Naibu wa mwalimu mkuu nilimchora kobe. Mwalimu wa kemia nikamchora chura mwenye miwani. Kwa sababu ya yule kobe nilifukuzwa wiki nzima, ingawa nasikia kobe mwenyewe bado ameiweka picha kwenye droo yake.

Nawaambia haya, wasomaji wenzangu, ili mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kulialia. Mimi ni wa kuchekesha. Lakini kwa hili nimelia mpaka nikaishiwa na makamasi...

Mama yetu alifariki nikiwa na miezi kumi. Dada yangu Wakesho alikuwa na miaka saba. Picha ya mama iliyobaki ni moja tu, na ilikuwa imetundikwa kwa nyanya kule Mwanda, mpaka siku mchwa walipopanda ukutani wakaila kutoka juu hadi shingoni. Kwa hiyo mimi nina mama wa kuanzia shingo kwenda chini. Watu wakiniuliza mama yako alifanana na nani, huwajibu, "Alifanana na gauni la maua."

Watu hucheka. Mimi pia hucheka. Ningefanya nini?

Wakesho yeye alimwona. Alikuwa na uso wa mama kichwani mwake, hata kama ulikuwa umefifia. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya kwanza ya wivu wangu. Nyingine zilimea zenyewe.

Alipojiunga na chuo kimoja hapa mjini kusomea sanaa, nyumbani kwetu ikawa sikukuu kila siku. Meza ikawa ya Wakesho. Taa nzuri ikawa ya Wakesho. Viazi vya kumenya vikawa vya Mshai. Baba yangu anaendesha trekta kwenye shamba la makonge, mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "chai" na "lala". Lakini wageni wakija, ulimi wake unafunguka.

"Huyu ndiye mchoraji wetu," anasema, mkono begani kwa Wakesho.

"Na huyu mdogo?" mgeni anauliza.

"Huyu anachafua karatasi."

Mnajua inavyouma? Mimi ndiye niliyeanza kuchora! Wakesho alikuwa bado anapaka rangi ndani ya mistari wakati mimi nimeshamchora pasta wetu akisinzia kwenye mahubiri ya mwenzake.

Mwaka wake wa mwisho ndio ulionimaliza. Kila Jumamosi Wakesho alikuwa anapanda Mwanda kwa nyanya, na mara nyingine anapitia Ronge kwa shangazi zetu. Nikimwambia twende wote, anasema, "Wewe baki na baba, Mshai. Ni mambo ya chuo." Mambo gani ya chuo yako kwa nyanya? Anarudi jioni na ndizi mbivu na daftari la jalada la kijani ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Nikajiambia, huyu anaenda kupendwa huko, na mapenzi ya nyanya si mzigo wa kugawana.

Kisha akaanza tabia moja ya ajabu. Nikicheka, ananikodolea mdomo. Si macho, mdomo! Naweza kuwa namwigiza mwalimu wangu nusu saa, baba mwenyewe ameweka kikombe chini asimwagikiwe na chai, Wakesho ameinamisha kichwa ananitazama meno.

"Umekuwa daktari wa meno?" nikamwuliza siku moja.

"Cheka tena," akasema.

"Nilipe."

Hakunilipa wala hakueleza. Mimi nikaamua ananidharau.

Basi maonyesho yao ya mwisho yakafika. Chuoni kwao ni hivi: wanaomaliza wanatundika kazi zao ukumbini, kila mmoja anafunika yake kwa kitambaa, na hakuna kufunua mpaka watahini wafike mbele yake na jamaa wakiwa wamekaa. Kazi inafunuliwa, mwanafunzi anaieleza, watahini wanaandika. Wakishaandika, wameandika.

Baba akaomba ruhusa kazini. Akatoa suti yake, ile ambayo naijua kwa mazishi tu, akaianika juani tangu Alhamisi. Mimi baba huyu amekuja shuleni kwangu mara moja katika miaka mitatu. Alikuja kwa ajili ya kobe.

Nilikaa mlangoni nikaitazama ile suti ikipepea kwenye kamba, na moyo wangu ukawa mchungu kama dawa ya minyoo.

Jumamosi asubuhi Wakesho akaniomba nikamsaidie kupanga viti ukumbini. Nilikubali haraka mno. Mngekuwa mnanijua, mngeshuku. Ukumbi ulikuwa umejaa maajabu: fahali wa vyuma chakavu, pazia la chupa za plastiki, kiti cha misumari ambacho nilitamani naibu wetu akikalie. Kazi ya Wakesho ilikuwa ukuta wa mwisho, kubwa kama mlango, imefunikwa leso ya nyanya. Chini yake kulikuwa na brashi na mkebe wa udongo wetu mwekundu uliokorogwa, ule aliokuwa akiutumia kupaka.

"Mshai, nisikilize," akasema. "Naenda kituoni kumpokea nyanya. Ile leso usiiguse. Tafadhali."

"Mimi? Naweza kugusa nini mimi?"

"Hata mimi sijaipiga picha kwa simu. Nyanya amekataza. Usiiguse."

Akaondoka. Wenzake walikuwa nje wanakunywa chai. Nilipanga viti kumi. Kiti cha kumi na moja nilikiburuta mpaka mbele ya ile leso, nikapanda, nikainua.

Ulikuwa uso wa mwanamke, kutoka shingo kwenda juu. Mkaa na udongo mwekundu juu ya gunia la katani. Alikuwa anacheka, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu aliyeambiwa kichekesho akiwa jikoni. Nikaangalia pua. Pua ya Wakesho. Nikaangalia paji la uso. Paji la Wakesho. Macho, ya Wakesho.

Nikasema kwa sauti, "Kumbe umejichora mwenyewe!"

Yaani baba ameomba ruhusa kazini, ameanika suti siku tatu, nyanya anateremshwa kutoka milimani na magoti yake, ili waje kumtazama Wakesho akiwa mkubwa kama mlango? Jumamosi zote zile? Wivu ukanipanda mpaka masikioni, nikausikia ukivuma.

Nikachukua brashi.

Naomba mniamini kwa hili moja. Sikutaka kuharibu. Nilifikiri ni udongo na maji tu, kama ule tunaopakana shuleni mvua ikinyesha, kwamba watu watacheka, Wakesho atakasirika, nitapangusa kwa kitambaa kibichi na kazi itabaki vilevile. Nikamchora mkonga wa ndovu. Nikauanzia kwenye pua, nikaupitisha juu ya mdomo mpaka kidevuni, nikauviringisha mwisho. Nikaongeza masikio mawili mapana. Ulikuwa mkonga mzuri sana. Ndio ubaya wenyewe, ulikuwa kazi bora niliyowahi kufanya.

Sikujua kwamba Wakesho huchanganya udongo ule na gundi. Na mnalijua jua la Voi. Kufikia saa nne ukumbi ulikuwa tanuri.

Jamaa wakaja. Baba akaketi mstari wa mbele, suti inanukia sabuni. Nyanya akakaa kando yake, fimbo katikati ya magoti. Watahini watatu wakazunguka, wakafunuliwa fahali, wakafunuliwa chupa. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na wanafunzi wa kiume wa chuo, tayari nimewanong'oneza, "Ngojeni ya mwisho. Mtakufa."

Wakesho akasimama mbele ya leso. 

"Kazi yangu inaitwa Walichokula Mchwa," akasema.

Wasomaji wenzangu... niliificha mikono nyuma ya mgongo.

Akaeleza. Kwamba mama yetu alifariki na picha yake ikaliwa uso. Kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kumsahau, akaogopa. Akaenda kwa kila mwanamke aliyemjua mama, kwa nyanya, kwa shangazi wa Ronge, kwa aliyelima naye, kwa aliyeimba naye kwaya, akiwaonyesha karatasi na kuwauliza, pua ilikuwa hivi? Wanasema punguza. Kidevu hivi? Wanasema hapana, futa, kilikuwa na kishimo. Mwaka mzima wakimsahihisha, mpaka Jumamosi moja nyanya akaitazama karatasi, akaweka kikombe chini, akaisalimia.

"Nyanya alisema picha hii isitembee kwenye simu za watu kabla watoto wote wa mama hawajamwona," Wakesho akasema. "Mmoja hajawahi kumwona. Ndiye nataka amfunue. Mshai, njoo."

Watu wakageuka. Baba akageuka, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona kikielekezwa kwangu. Alikuwa ananitabasamia. Kumbe alijua. Kumbe suti ile ilianikwa kwa ajili yangu pia...

Nilitembea mpaka mbele. Nikashika pindo la leso. Mkono ukakataa.

"Siwezi," nikasema.

Watu wakafikiri ni uchungu. Wakaanza kunipigia makofi ya kunitia moyo. Mama mmoja nyuma akasema, "Pole, mwanangu, jikaze." Kila kofi lilinipiga mimi.

"Wakesho, isifunuliwe," nikamnong'oneza. "Nakuomba."

"Usiogope," akasema. "Ni mama tu."

Nyanya akainuka na fimbo yake, akaja polepole, akaweka mkono wake mkavu juu ya wangu. "Tuvute pamoja," akasema. Akavuta.

Kwanza kilikuja kicheko. Wale vijana niliowaandaa waliangua kicheko kweli, mmoja akapiga kiti kwa kiganja. Nimetafuta kicheko maisha yangu yote, na kile ndicho kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupata. Kikafa kimoja kimoja.

Nyanya haoni vizuri kwa mbali. Akasogea, akagusa gunia, akauliza, "Wakesho, mbona umemfunika mdomo?"

Wakesho aligeuka. Alikuwa ananitazama mimi, mikono yangu. Kwenye kucha zangu kulikuwa na udongo mwekundu.

Tulijaribu maji. Tulijaribu kitambaa, kisha sabuni. Mkonga haukutoka. Kilichotoka ni mkaa uliokuwa chini yake, na baada ya dakika kumi hatukuwa na mkonga mzuri wala uso, tulikuwa na gunia lenye matope. Watahini waliandika walichokiona. Wakesho alipita kwa alama za chini kabisa, na mhadhiri aliyekuwa amemwahidi kumpendekeza kazi ya kufundisha mjini Mombasa hakuizungumzia tena.

Baba hakunipiga. Alirudi nyumbani, akavua suti, akaikunja. Siku hiyo hata "chai" hakusema.

Wakesho alikaa siku tatu bila kuongea nami. Siku ya nne akaniuliza swali moja. "Kabla ya kumpaka, ulimwangalia?"

"Nilifikiri ni wewe," nikasema.

"Sikukuuliza hivyo. Ulimwangalia?"

Nilimwangalia, ndiyo. Kwa dakika moja, kwa macho ya wivu. Nilihesabu pua na paji nikitafuta sababu ya kuchukia. Mtu wa pekee niliyemtamani tangu nizaliwe alisimama mbele yangu akicheka, nami nikamwona adui. Sasa usiku nikifumba macho najaribu kumrudisha, na ninachokiona ni mkonga tu. Niliuchora vizuri mno.

Nilimwomba Wakesho amchore tena. Akasema, "Mkono wangu umekataa." Mwezi uliopita aliondoka kwenda Njukini kusaidia katika duka la rafiki yake sokoni. Aliacha daftari la kijani juu ya mto wangu, bila barua.

Nimelisoma lote. Ni maneno ya wanawake wale, yameandikwa kwa mpangilio. Pua: kama yako, punguza kidogo. Masikio: madogo, la kushoto limetobolewa mara mbili. Kidevu: kishimo, shangazi amekisisitiza. Halafu nikafika kwenye ukurasa wa mdomo. Wakesho alikuwa ameandika, akafuta, akaandika, akafuta. Chini kabisa kulikuwa na mstari mmoja uliobaki:

"Kicheko: wote wanasema ni cha Mshai. Usiulize tena. Mwangalie Mshai."

Sasa napanda Mwanda mimi, Jumamosi. Nachukua mkaa na karatasi, nyanya anakaa kwenye kigoda, ananisahihisha. Hatujafika mbali. Juzi alisema pua imekuwa ya mjomba, nikafuta. Huwa naanza na mdomo, na kwa huo nabeba kioo kidogo. Tatizo ni kwamba kukitazama kioo na kucheka kwa moyo bado siwezi. Nyanya anasema tungoje, kicheko kitakuja chenyewe.

Wewe unayesoma haya na una ndugu anayesifiwa kuliko wewe, sina hekima nyingi, mimi ni Kibonzo tu. Lakini akikukataza kuinua leso, usiinue. Na ukishindwa, ukainua, basi mtazame aliye chini yake mpaka umjue ni nani. Mimi sikumtazama, na hapa kwetu mchwa wamekula uso wa mama yangu mara moja tu. Mara ya pili niliula mimi.