Filimbi ya Salvina

Msimu wa mavuno, kila asubuhi Salvina alichuma pamba na mama yake kabla ya kwenda shule pale Mhunze. Mwaka ule wa 1984 alichuma akiimba, maana Jumamosi shule yao ingeshindana kucheza bugobogobo, ile ngoma ya majembe, na yeye ndiye mshika filimbi. Akipuliza mara moja, wachezaji thelathini wanarusha majembe juu. Akipuliza tena, wote wanatulia.

Jumatatu kisiki cha mpamba kilimchoma unyayoni. Salvina akafyata mdomo. "Mama akijua, sichezi," aliwaza. Kesho yake mguu ulivimba, ukawa wa moto. Bibi yake, aliyeombwa asimwambie mama, akakata mpira wa baiskeli, akaufunga mguu kwa nguvu ili uvimbe urudi ndani! Jumatano alianguka katikati ya mazoezi, akalia kwa maumivu na aibu.

Rafiki yake Nyamizi alimbeba mgongoni hadi zahanati.

"Shikamoo, Mganga."

"Marahaba. Nani kaufunga mguu kama mzigo wa kuni?" aliuliza Mganga Stanslaus, akikata ule mpira. Alitoa kibanzi kilichobaki ndani, akasafisha jeraha, akamchoma sindano ya pepopunda.

"Niondolee na uvimbe," Salvina alimsihi.

Mganga alicheka. "Uvimbe si adui yako, binti. Mwili ukivamiwa na vijidudu, chembe zake hutoa protini za kupeana habari. Wataalamu wanaziita saitokini. Baadhi huita: 'Njooni, tumevamiwa!' Damu inaongezeka hapo, chembe nyeupe za damu zinakuja kupigana, ndiyo maana panavimba na kupata moto. Kazi ikiisha, nyingine husema: 'Basi, tulieni.' Zisipotulia, mwili hujiumiza wenyewe."

Salvina alitoa macho. "Kumbe nao una filimbi!"

"Tena mbili. Lakini kibanzi kikiwa bado ndani, hiyo ya pili itapulizwa saa ngapi?"

Jumamosi uvimbe ulikuwa umepungua sana. Salvina hakucheza, alikaa kwenye kigoda, mguu umefungwa bendeji safi. Akapuliza, majembe thelathini yakapaa. Akapuliza tena, wote wakatulia kama mtu mmoja. Vigelegele vikalipuka, na kombe likawa lao. Salvina alifurahi hadi machozi yakamtoka.

Mama yake alimkumbatia. "Mwanangu, mwili wako ulisema ukweli tangu siku ya kwanza. Aliyeficha ni wewe."

"Nimekoma, mayu," alijibu, akimwita mama kwa lugha ya nyumbani.

"Basi siku nyingine ukiumia, nipulizie filimbi mimi kwanza."