Komunike Nane Katika Ukurasa Mmoja

Kila asubuhi, bunduki zikinyamaza, Lydie alifagia ofisi ya parokia, akafuta vumbi kwenye kompyuta, kisha akakaa kusubiri mafuta ya jenereta. Mafuta yakipatikana, mashine iliwaka kwa muda mfupi. Yasipopatikana, aliitazama tu kama mtu anavyotazama chungu kitupu.

Ulikuwa mwaka 2003, na watu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, walikuwa wamechoka kukimbia. Wengine walilala katika kambi karibu na uwanja wa ndege, wengine katika jumba la parokia. Lydie, msichana wa miaka kumi na mitatu, alilala jumbani na mama yake, Mama Pétronille. Mdogo wake Yves, wa miaka sita, hakuwepo. Siku ya mapigano makubwa, watu walipokimbilia barabara ya Komanda, msukumano ulimpokonya mama mkono wa mtoto. Tangu siku ile mama hakula vizuri, na Lydie hakujua la kufanya. Angefanya nini? Barabarani kulikuwa na wenye bunduki, na hata wakubwa walikaa wameshika tama.

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kuandika komunike, yaani matangazo ya watu waliopotezana. Sekretere wa parokia, Papa Anselme, alisaidiwa na Lydie, ambaye alijifunza kompyuta kidogo kabla vita haijafunga shule. Programu yao ya kuandikia ilikuwa ya bure. Mtu aliileta kwenye diski kutoka Kampala, na kila aliyetaka aliruhusiwa kuinakili. Papa Anselme aliisifu utadhani aliitunga yeye.

"Ni ya bure, lakini haiko ya kuchezea," alizoea kusema. "Ukimaliza musitari, chunga kazi yako mu mashini. Mafuta ikiisha, tusilie."

Asubuhi moja aliitwa kwenye mkutano kambini. Mlangoni alikuwa ameketi Mama Véronique, aliyekuwa akimtafuta binti yake Faida.

"Lydie, andika komunike ya Yves, toa karatasi moja tu," Papa Anselme alisema. "Kisha andika ya huyu mama."

Alipobaki peke yake, Lydie alichagua herufi kubwa kuliko zote. Akaandika YVES, akaweka fremu nene nyeusi, akaipamba pembe zote nne. Nafasi ikaisha, ikabaki ya neno moja tu: ANATAFUTWA. Bango likatoka kwenye mashine ya kuchapa, na lilipendeza kweli. Kwa mara ya kwanza tangu vita ianze, Lydie alijiona anafanya kitu. Karatasi moja ikaonekana haitoshi. Akatoa nyingine, na nyingine tena, mpaka fremu ikaanza kufifia, ikawa michirizi, na karatasi ya mwisho ikatoka nyeupe.

Wino ulikuwa umekwisha. Alibandika mabango ukutani, akazima mashine, akamwambia Mama Véronique arudi kesho.

"Mashini iko na nini?" Papa Anselme aliuliza aliporudi.

"Sijue, Papa."

Mzee wa watu alimwamini. Kwa siku mbili aliifungua mashine ya kuchapa, akaifuta kwa kitambaa, akaifunga, akaifungua tena. Mama Véronique naye alikuja, akakaa, akauliza kwa sauti ndogo, "Ya Faida imetoka?" Lydie akajibu, "Bado, mama," bila kumtazama. Wino mwingine haukuwepo mjini. Njia ya Mahagi, iliyoleta bidhaa, ilikuwa imefungwa.

Siku ya pili jioni, Dady, dereva wa pikipiki aliyesambaza komunike za parokia, alisimama mlangoni. Alikuwa amepata nafasi ya kufuata msafara wa kwenda Komanda.

"Kesho asubuhi ninatoka," alisema. "Niko nangoja makaratasi yenu. Kama haziko, nitaenda mikono mitupu."

Lydie alimtazama Mama Véronique, akatazama vidole vya Papa Anselme vilivyojaa vumbi jeusi. Machozi yakamtoka.

"Papa, mashini haiko mubaya. Ni miye nilimaliza wino."

Mama Véronique aliinamisha kichwa akatazama mikono yake, na Lydie aliona heri angepigwa kofi.

"Ju ya nini hukusema?" Papa Anselme aliuliza hatimaye.

"Niliogopa."

"Siku mbili natengeneza kitu yenye haikuharibika." Alishusha pumzi. Kisha akatoa kasha la wino, akalitikisa polepole, kama mtu anayekung'uta unga wa mwisho wa gunia. "Labda kumebakia kidogo." Akamsogezea kiti. "Ikala hapa, weye ndiyo utaandika."

Akamwonyesha. Fremu iondoke, na mapambo yake yote. Herufi ziwe ndogo, rangi ya kijivu badala ya nyeusi. Ukurasa ugawanywe kwa jedwali lenye vyumba vinane, komunike iandikwe mara moja kisha inakiliwe katika vyumba vingine. Na kabla ya kuchapa, achague uchapaji hafifu, ule wa kujaribia. "Mutu asome tu, inatosha," alisema. "Sasa, ma Yves wako wengi. Na mutoto akiogopa, hata jina hasemi. Huyu wako anafanya nini yenye ni yake mwenyewe?"

Lydie alifikiri. "Kila imbwa anaiita Simba."

"Andika ile."

Kwa Faida waliandika jina, umri na gauni la kijani tu, maana kilio kilimzuia mama yake kusema zaidi. Wino ulitoa kurasa chache, ukaisha kabisa. Wakazikata kwa wembe, na kulipokucha Dady akaondoka na vikaratasi kifuani.

Baada ya hapo ikawa kungoja tu. Mvua ilinyesha, bunduki zililia, habari haikuja. Mama Pétronille aliacha kuuliza. Lydie alifagia ofisi hata mahali palipokuwa safi.

Kisha mchana mmoja pikipiki ya Dady ilisimama uani, na nyuma yake, katikati ya mizigo, kulikuwa na mtoto aliyekonda. Mama Pétronille alikimbia bila viatu.

Mwanamke mmoja anayekaanga mikate penye njia panda ya Komanda ndiye aliyemhifadhi. Mtoto hakumwambia mtu jina lake. Kila jioni alimwambia mbwa wa yule mama tu, "Simba, kuja." Dady alipompa kikaratasi, mwanamke huyo alisoma, akakiacha kijiko ndani ya mafuta.

Wahenga husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi kikaratasi kile kibaya kilijitembeza hadi Komanda, na bango zuri likabaki Bunia likijiuza kwa ukuta.

Papa Anselme alimwita Lydie ofisini. "Mutoto yangu, programu tulipewa bure, lakini wino na wakati ya watu haiko bure," alisema. "Kitu ya wote, utumie na kipimo. Na ukiharibu, sema mbio, wakati ingali ya kutengenezeka. Wino ilituponyoka mara moja. Kunyamaza kwako ndiyo iliiba siku mbili, na hizo siku hazikuwa zako. Unasikia?"

"Nasikia, Papa."

Mlangoni, Mama Véronique alikuwa ameketi mahali pake. Alikuwa amemshangilia Yves kama wengine, kisha akarudi kukaa. Kutoka Komanda hakukuwa na jibu la Faida.

Wino mpya haukuwa umefika, na hakuna aliyejua ungefika lini. Lakini siku hiyo mafuta yalikuwepo. Lydie aliwasha kompyuta, akamsogezea Mama Véronique kiti.

"Mama, samahani kwa zile siku," alisema. "Utuambie kitu moja ya Faida yenye ni yake mwenyewe."

Mama Véronique aliinuka mlangoni, akaja kuketi.

"Radi ikilia," alisema, "anaimba, ili mimi nisiogope."

Lydie aliandika mstari huo, akauhifadhi, kisha akaugeukia uso wa mama kungoja mstari mwingine.