Makofi Nyuma ya Baisikeli

Kapenda ni Mmethodisti, hajui hata ladha ya pombe, kwa hiyo usiniambie alikuwa amelewa.

Enzi za Wabelgiji alikuwa karani wa karakana ya reli Kamina. Alfajiri moja treni ya wafanyakazi haikuja. Kuchelewa ni kufukuzwa, basi akapanda baisikeli, akafuata reli gizani, mnyororo ukilia kri, kri.

Ghafla akasikia makofi mgongoni: pa, pa, pa, ya taratibu, kama Waluba wanavyomwamkia mtu wa heshima. Kapenda amelelewa vizuri. Akaitikia bila kugeuka, "Eyo, tata," yaani ndiyo, baba.

Papo hapo baisikeli ikawa nzito, kama imepakia mtu. Akakanyaga kwa nguvu, akihema, makofi yakimfuata mpaka langoni.

Mlinzi, mzee Mwenze, alikuwa na damu hadi viwikoni.

"Treni iko inasimama kule nyuma ya karakana," alisema. "Bantu balipigana, bakatupa mwenzabo chini yake. Ilimukatakata. Tuliokota kichwa, tukaokota miguu. Mikono njo hatuyaona bado."

"Yote mbili?"

Kabla mzee hajajibu, makofi yakaanza tena juu ya kiti cha nyuma cha baisikeli, safari hii yakiwa na majimaji.